Marafiki wa Kaimosi: Maswali na Majibu ya Marudio

Kwa watahiniwa wa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi. Wengi wenu Desemba hupanda basi kwenda Vihiga na Kakamega, huko habari hizi zilikotokea, basi msione haya kumuuliza nyanya. Baadhi ya majibu haya anayo yeye kuliko mimi.

Swali la 1: Misheni ya Kaimosi ilianzishwa na nani, na lini? (alama 4)
Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, Marafiki (Quakers) kutoka Marekani, Agosti 1902. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901. Basi. Usimalize wino hapa.

Swali la 2: Kazi za mikono zilihusianaje na ibada? (alama 3)
Walijenga kiwanda cha kupasua mbao kilichoendeshwa kwa maji, wakafundisha useremala na ufyatuaji wa matofali. Kila asubuhi vibarua walisali kwanza, ndipo wakashika msumeno. Taja pia kodi ya nyumba: serikali ya kikoloni iliitaka kwa pesa, hivyo watu walihitaji ujira, na si kila aliyeinamisha kichwa asubuhi alikuwa amefuata Injili.

Swali la 3: "Marafiki wa Kaimosi waliabudu kwa kukaa kimya." Jadili. (alama 5)
Huu ni mtego, na kila mwaka unanasa watu. Kukaa kimya mpaka mtu aguswe na Roho ndiyo desturi ya Marafiki wa kale wa Uingereza. Hawa waliokuja kwetu walilelewa katika mikutano ya uamsho ya Marekani, kwa hiyo walileta mahubiri, nyimbo na toba ya hadharani. Walichokihifadhi ni hiki: hawabatizi kwa maji, wala hawana meza ya mkate na divai. Jirani wa Anglikana kutoka Maseno alishangaa: mtu huyu ameingiaje kanisani bila kuloweshwa? Aliingia kwa mafundisho ya muda mrefu, huku mwenendo wake ukichunguzwa. Na mwenendo ulichunguziwa nyumbani.

Swali la 4: Eleza jinsi imani mpya ilivyobadilisha familia za Maragoli. (alama 8)
Hapa ndipo alama zilipo, lakini wengi huandika "shule na hospitali" kisha huondoka. Anza Vihiga, walikofanya kazi Emory na Deborah Rees. Waliofuata misheni waliitwa avasomi, yaani wasomaji. Walijenga nyumba za pembe nne badala ya msonge. Mume na mke walianza kula pamoja, na mwanamke akala kuku na mayai, vyakula alivyokatazwa na mila. Usilidharau jambo hili la kuku. Mkwe aliyemwona mke wa mwanawe akishika paja la kuku hakuhitaji kuhubiriwa ndipo ajue kuna dini ngeni bomani.

Pombe ilikatazwa, na mwanamume akatakiwa awe na mke mmoja. Mtahiniwa hodari atauliza: wake wengine walienda wapi? Kanisa lilipinga pia mjane kurithiwa na shemeji yake. Ni ukombozi, ndiyo, ila shemeji huyo ndiye aliyepaswa kumlimia na kumtetea shamba. Wajane walipeleka shida zao kwa wazee wa kanisa na machifu, wakidai walindwe. Andika pande zote mbili.

Swali la 5: Taja mchango wa Joel Litu. (alama 2)
Alitafsiri Biblia kwa Kilogooli, lugha ya Maragoli, pamoja na Emory Rees. Agano Jipya lilitoka 1925. Biblia nzima ilisubiri hadi 1951.

Swali la 6: Nini kilitokea Kaimosi 1927? (alama 4)
Katika uamsho uliochochewa na mahubiri ya Chilson, watu walilia, wakaungama dhambi na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni waliogopa moto waliouwasha wenyewe, wakawazuia watu hao, na waliokaidi wakatengwa. Hao ndio chanzo cha makanisa ya Roho Mtakatifu, wale wa kanzu nyeupe, vilemba na msalaba mwekundu, ambao ngoma zao mnazisikia Jumapili hapa mitaa ya Eastlands. Tahadhari: usimtie Zakayo Kivuli katika jibu hili. Kanisa lake, African Israel Nineveh, alilianzisha 1942, akitokea kwa Wapentekoste wa Nyang'ori.