Kiwambo cha Kutarizia: Kazi ya Msumeno kwa Ajili ya Sindano

Bwana mkulima, makala haya ni ya sindano na uzi, lakini usimpe mama watoto gazeti kabla hujayasoma wewe mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi nitakayoieleza ni ya msumeno na nyundo, na yafaa ifanywe na wewe.

Mwaka mmoja mke wangu alinunua kwa pesa za maziwa kanvasi na nyuzi za sufu ili atarizi mto wa kiti wa kuuza. Kanvasi ni kile kitambaa kigumu cha pamba chenye matundu ya mraba. Aliniomba nimtengenezee kiwambo, nikamjibu kwamba hicho ni kitu cha watu wenye nafasi. Akatarizi akiwa ameshika kitambaa mkononi, usiku baada ya usiku. Mto ulipokwisha haukuwa mraba tena. Pembe moja ilikimbilia huku na nyingine kule, kama mlango wa zizi uliolegea bawaba. Mwenye duka aliugeuza mara mbili akamrudishia. Mama hakunilaumu kwa neno lolote. Aliuweka mto ule juu ya kiti ninachokalia jioni, na hapo ulikaa.

Sababu ya kupindika ni hii. Katika kazi hii kila mshono hulala mshazari, kutoka tundu moja hadi tundu la pembeni yake. Kila mmoja huvuta kitambaa kidogo, na yote huvuta upande mmoja. Hesabu mwenyewe: mto wa inchi 14 kwa 14, wenye matundu 10 katika kila inchi, una mishono 140 kwa 140, yaani 19,600. Ng'ombe wengi hivyo wakivuta kamba upande mmoja, hata mti mkubwa utainama. Kitambaa kilichoshikwa pande zote nne hakipati nafasi kubwa ya kukimbia.

Jambo hili si geni kwako. Ngozi ya ng'ombe ukiitandaza chini juani hujikunja na kuharibika, lakini ukiiwamba kwa kamba katika fremu, kivulini, hukauka ikiwa imenyooka na hupata bei nzuri. Kiwambo cha kutarizia ni fremu ile ile, ila ni ndogo.

Katika maduka ya ng'ambo viwambo hivi huuzwa kwa mbao zilizochongwa tayari, zenye ulimi na mfuo kwenye ncha. Huuzwa mbili mbili kwa urefu, na jozi mbili hufanya fremu moja. Wewe huhitaji kuagiza mbali. Kwa mto wa inchi 14, kata mbao nne za saipresi iliyokauka vizuri, kila moja urefu wa inchi 18, upana inchi 1½ na unene inchi 1. Mbao mbichi itapinda na kukupotezea kazi yote. Kwenye kila ncha punguza nusu ya unene kwa patasi, ili mbao zilaliane bila kuacha kidato, kisha funga kila pembe kwa skrubu mbili. Usitie gundi, maana utapenda kuifungua fremu siku nyingine. Piga msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, kwa kuwa kibanzi kimoja hunasa sufu na kuikata.

Kabla ya kukaza skrubu, pima kutoka pembe hadi pembe inayoielekea, halafu pima zile pembe mbili nyingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu ni mraba. Ndivyo ulivyopima msingi wa ghala lako, na hapa hupaswi kupima kwa uvivu zaidi. Fremu iliyopinda itazaa mto uliopinda.

Sasa mwite mama. Kanvasi iwe inchi 18 kila upande, yaani inchi 2 za ziada kuzunguka mchoro. Kingo zake zishonewe utepe wa nguo, zisichanike wala kunasa uzi. Tumia pini za shaba za kubandikia. Za chuma hupata kutu na kutia madoa. Anza katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaoelekea, halafu pande mbili zilizobaki. Ndipo uendelee kidogo kidogo kuelekea pembeni, pini kila inchi moja, ukitazama kwamba nyuzi za kanvasi zinakwenda sambamba na mbao. Watu wengi huanzia kwenye pembe, na hapo kitambaa huenda upande tangu siku ya kwanza. Kaza mpaka kigongwe kwa kidole kilie kama ngoma. Kila baada ya siku chache kitalegea. Ng'oa pini za upande mmoja na ukaze tena.

Fremu ikishikwa mkononi huchukua mkono mmoja, na kazi hii inataka yote miwili: mmoja juu na mwingine chini, sindano ishuke wima na kupanda wima. Kwa hiyo tengeneza na kisimamo. Miti miwili ya inchi 28 isimamishwe juu ya miguu mipana, iunganishwe chini kwa ubao, na fremu ikae katikati yao kwa bolti zenye nati za masikio, ili iweze kuinamishwa. Mpime mama akiwa amekaa kwenye kiti chake, fremu iwe usawa wa viwiko. Shingo isiyoinama hufanya kazi muda mrefu zaidi. Kama mbao zimekwisha, egemeza fremu ukingoni mwa meza na juu yake weka tofali lililofungwa kitambaa. Anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto.

Uzi usizidi inchi 18, kwa sababu ukiwa mrefu huchakazwa na matundu kabla haujakwisha. Sindano iwe butu.

Na kama mto umekwisha kupindika? Kwanza jaribu rangi ya sufu kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ikitoka, usiendelee. Isipotoka, nyunyizia mto maji upande wa nyuma, uuvute kinyume cha mshazari mpaka pembe zirudi, uubane kwa pini juu ya ubao uliofunikwa nguo safi, na uuache kivulini mpaka ukauke kabisa. Wetu tuliubana mara mbili. Ulirudi karibu sawa, ingawa bado nikikaa naijua ile pembe moja. Mto wa pili, uliotariziwa kwenye kiwambo, ulichukuliwa na mwenye duka yule yule, naye aliuliza kama upo mwingine.