Kura za Rais: Watu na Majimbo

Hapa Hombolo tumeulizwa yawezekanaje, katika Marekani, mwenye kura chache kutawala. Kila jimbo hupewa kura kwa kadiri ya wajumbe wake bungeni, na karibu kila mahali ashindaye jimboni huzitwaa zote. Mwaka 2016 Bwana Trump alipata 304 katika 538, ijapokuwa Bibi Clinton alimzidi kwa watu karibu 2,900,000. Twaona ni ajabu.

Wakenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, wametaka yote mawili: zaidi ya nusu ya kura zote, tena robo katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hapo Lamu, yenye walioandikishwa 81,000 hivi mwaka 2022, ni sawa na Nairobi yenye zaidi ya 2,400,000. Mwaka huo Bwana Ruto alipata robo katika kaunti 39, Bwana Odinga 34; basi ile nusu ndiyo iliyoamua, Bwana Ruto akipata 50.49 kwa mia.