Mdomo wa hewa wa injini uangalie wapi? Somo kwa wenye pampu na matrekta



Kiangazi hiki nimeitwa kuangalia pampu ya kijana mmoja wa zabibu hapa Kikuyu. Kainunua kwa mkopo, msimu haujaisha, tayari inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Chujio la hewa lilikuwa limegeukia njia ya magari, upepo unaleta vumbi lote humo. Ringi zimekwisha, mkopo bado upo.

Dodoma yetu mvua ni Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni vumbi, na upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Sasa tuangalie mashine moja moja.

Pampu. Haisogei, kwa hiyo upepo ndio unaamua. Chujio likae upande unakotoka upepo, bomba la moshi upande unakoelekea. Ukikosea, injini inavuta moshi na joto lake yenyewe. Kama upepo unatoka barabarani, hamisha pampu kabisa. Mwagia maji ardhi inayoizunguka.

Mashine ya kupukuchua alizeti. Injini ikae unakotoka upepo, makapi yatokee upande wa pili.

Trekta. Kofia ya uyoga huvuta hewa pande zote kutoka chini, kwa hiyo kuizungusha hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni urefu: juu vumbi ni chache. Kama bomba lako limepinda, ligeuzie nyuma. Wengi wanadhani likitazama mbele injini inapata nguvu. Tusidanganyane! Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, msukumo wa hewa ni kama paskali 20 tu, na chujio lililoziba linazuia maelfu ya paskali. Utakachopata mbele ni wadudu, mvua na mchanga.

Na ukilima ukielekea unakokwenda upepo, vumbi lako linakufunika. Mteremko ukiruhusu, lima ukiukata upepo. Matrekta mawili yasifuatane nyuma kwa nyuma.

Lakini mwelekeo peke yake hautoshi. Fanya haya pia:

1. Chujio la karatasi lipulizwe kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Usiligonge kwenye tairi. Likitoboka, tupa.
2. Chujio la oili: angalia kila siku kipindi cha vumbi. Oili isizidi alama.
3. Kaza klipu zote za mpira wa hewa.
4. Zima injini, fungua mpira baada ya chujio, pitisha kidole ndani. Ukikuta vumbi, kuna mahali panavuja. Usiwashe tena mpaka upaone.

Kipimo hicho cha kidole ni bure, dakika tano tu. Kifanye kesho asubuhi kabla hujawasha, kisha niandikie ulichokikuta.