Mtoto Akiacha Kusali, Msishtakiane

Mara nyingi baada ya Misa baba au mama hunivuta kando na kuninong'oneza: "Katekista, kijana wetu hasali tena." Naye ni yule yule aliyekuwa akitumikia altareni. Amekwenda chuo Nairobi, na akirudi likizo hulala Jumapili mpaka saa nne. Mwingine, binti yake amehamia kanisa la wokovu karibu na soko.

Kabla sijauliza habari za mtoto, huuliza habari za mume na mke. Baba husema, "Wewe ndiwe uliyemdekeza." Mama hujibu, "Angemfuata nani, nawe Jumapili hukai nyumbani?" Mtoto husikia yote, akaona kuwa dini ndiyo inayowagombanisha wazazi wake.

Uchungu huu naujua. Kifungua mimba wetu akiwa kidato cha nne aliniambia kwamba haoni maana ya Misa. Nilimjibu kuwa asiyesali nyumbani kwangu asile nyumbani kwangu. Nilijiona nabii! Kijana alikula kwa shangazi yake wiki mbili. Mama watoto hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko kelele.

Ndipo nikasoma upya habari za Mtakatifu Monika, tunayemkumbuka tarehe 27 Agosti. Tumezoea kusimulia machozi yake, tukaacha sehemu inayotuhusu sana. Mwanawe Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika Algeria ya leo. Akiwa na miaka kama 19 aliwafuata Wamanikeo. Monika akakataa kula naye meza moja. Ndiyo, hata yeye! Kisha aliota amesimama juu ya ubao akilia, na kijana mwenye kung'aa akamwonyesha kuwa mwanawe amesimama hapo hapo alipo yeye. Baada ya ndoto hiyo alimrudisha mwanawe nyumbani na mezani. Kuomba hakuacha, lakini sahani ilirudi.

Tena alimsihi Askofu mmoja akabishane na kijana. Askofu huyo mwenyewe alilelewa katika mafundisho ya Wamanikeo, akayaacha kwa kuyasoma, bila mtu kubishana naye. Alikataa. Alimwambia Monika amwache kijana kwa sasa, amwombee tu. Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, mjini Milano, na Askofu Ambrosi. Hesabuni wenyewe: ni yapata miaka 14. Mwaka huo huo Monika akafariki.

Basi kaeni kwanza ninyi wawili, mtoto asiwepo, mwafikiane neno moja. Sala ya jioni iendelee kwa saa yake, kwani wadogo zake wanaihitaji. Yeye akipenda kukaa kimya, akae. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kumlazimisha mtu kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake, na mwana naye ni mtu. Karo msiifanye fimbo. Wala msitaje jina lake mnapotoa nia katika Jumuiya. Habari itamfikia kabla jua halijatua, naye atazidi kujitenga.

Kisha yule aliye karibu naye zaidi kati yenu amwulize kilichotokea, amsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Wengine wana swali ambalo hakuna aliyewajibu. Wengine wamemwona mzee wa kanisa akitenda asiyoyahubiri. Wengine ni uvivu tu wa ujana, na uvivu usiitwe uasi. Wangu aliniambia, akitazama chini, kwamba amechoka kumwona baba mpole kanisani na mkali nyumbani. Sikulala usiku ule. Asubuhi nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, na huyo mama ndiye aliyelia.

Imepita miaka sita. Kijana anafanya kazi mjini, na kwenye Misa hajarudi bado. Mimi na mama yake humtaja kila usiku tukimaliza Rozari, jambo ambalo zamani kila mtu alilifanya peke yake, kitandani, akiwa amempa mwenzake kisogo. Mwisho wa mwezi akija, mama humpakulia chakula, nami ndiye ninayemmiminia maji ya kunawa.