"Muache, Ndiye Anatufungia": Kijitabu kwa Wanamichezo, Makocha na Familia za Kibaha na Kisarawe

Kijitabu hiki ni cha wachezaji wa timu za mitaani na vijijini, makocha wao, viongozi wa timu na wazazi. Kisome hata kama kwenu hakuna aliyeharibikiwa. Wengi waliotufikia walituambia walianza kutafuta msaada wakiwa wamechelewa miaka miwili au mitatu.

Jumamosi ya winga

Mechi ya ndondo imepangwa saa kumi jioni. Saa tisa na nusu winga wa kulia hajafika. Wenzake wameshavaa, mmoja anajifunga bendeji kifundoni, kocha hatoi macho barabarani. Nahodha anapiga simu, haipatikani. Dakika tano kabla ya filimbi inatokea bodaboda, naye kapakiwa nyuma, macho mekundu, midomo imekauka, jezi kaishika mkononi. Hakuna anayemuuliza kitu. Meneja analipa nauli. Kocha anamwita kijana aliyekuwa amepangwa namba saba, aliyekuja kwa miguu akafika tangu saa nane, anamwambia avue jezi akakae benchi.

Dakika ya 62 winga anachukua mpira katikati ya uwanja, anawapita watu watatu, anafunga. Watu wanamiminika uwanjani kumtunza. Huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwingine anamchomekea noti ya elfu kumi shingoni. Akitoka uwanjani ana fedha zinazozidi kibarua cha wiki nzima. Saa moja usiku yuko baa, na bia tatu za kwanza kanunuliwa. Saa nne yuko kijiweni nyuma ya gereji. Jumapili asubuhi anamwomba mama yake elfu moja ya nauli.

Huyu si mtu mmoja. Ni vijana wengi tuliokaa nao, na Jumamosi zao zilifanana hivyo. Wazazi na viongozi wao nao walikuwa na sentensi moja: "Muache, ndiye anatufungia." Tumeandika kwa sababu ya sentensi hiyo. Mwenye kipaji cha kawaida akichelewa hukatwa. Mwenye kipaji kikubwa huachiwa kuchelewa, kulewa, kukopa bila kulipa na kumtukana mwamuzi. Kila anapoachiwa, ukuta mmoja kati yake na shimo unabomolewa, na wanaoubomoa ni sisi tunaompenda.

Kwanza, tujue tunachokizungumzia

Mazingira yetu yana majaribu yake. Kibaha imelala kando ya barabara ya Morogoro. Malori, mabasi na fedha za haraka hupita usiku na mchana, na heroini inayoingia Dar es Salaam haiishii Dar es Salaam. Kisarawe, ng'ambo ya vilima vya Pugu, msimu wa korosho unapofika mabibo hugeuzwa pombe na pombe hugeuzwa gongo, na vijana wana fedha mfukoni kwa miezi michache. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini leo vipo vichupa vidogo vinavyoingia kwenye soksi ya mpira bila kuonekana.

Mwanamichezo ana mlango mwingine wa kuingilia ambao watu wengine hawana, nao ni maumivu. Goti limevimba, mechi ni kesho, na mtu anamletea vidonge vya tramadol bila cheti cha daktari. Vinafanya kazi. Anacheza. Wiki ijayo anaviomba mwenyewe, na baada ya miezi kadhaa anavinywa hata siku ambayo goti haliumi. Tramadol ni jamii moja na heroini, na mwili huizoea vivyo hivyo. Tangu Januari 1, 2024 imo pia kwenye orodha ya dawa zinazokatazwa siku ya mashindano duniani kote. Bangi imo. Kemikali moja iliyo ndani ya mirungi imo, ikizidi kiwango. Mchezaji anayeota kucheza nje ajue hilo mapema.

Uraibu ni ugonjwa, hauna maana ya mtu kupenda starehe. Ubongo huwa umeshazoeshwa kiasi kwamba bila kilevi haukai sawa. Kwa heroini, kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho huanza kile vijana wanachokiita arosto: miayo isiyoisha, makamasi, vipele vya baridi, tumbo kuharisha, mifupa kuuma kama inapigwa nyundo. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Mchezaji aliye kwenye arosto hatafuti tena raha. Anatafuta maumivu yaishe ili aweze kusimama. Ndiyo maana matusi na vipigo havimponyi.

Na wapo wazazi wanaomfungia kijana chumbani "mpaka itoke". Tunawasihi wasifanye hivyo. Anayekunywa pombe kali kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege na hata kufa, anahitaji daktari. Aliyekuwa akitumia heroini akikaa wiki kadhaa bila kuigusa, kisha akarudi na kiasi kilekile cha zamani, mwili hauwezi tena kukihimili. Wengi hufa siku hiyo, mara nyingi wakiwa wametoka mahabusu au kwenye chumba walichofungiwa.

Wawili walionyimwa Montreal

Pale Mkuza, Kibaha, kuna shule yenye jina la Filbert Bayi. Baadhi ya watoto wanaosoma pale hawajui vizuri mwenye jina alifanya nini, basi tuwaambie. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili moja. Kila mtu alisubiri Olimpiki ya Montreal ya 1976. Nchi za Afrika zikasusia, Bayi akabaki nyumbani, na medali ya dhahabu ya mita 1500 akaichukua John Walker, yule ambaye Bayi alimwacha nyuma Christchurch.

Mkenya Henry Rono naye alinyimwa Montreal kwa sababu hiyohiyo, na 1980 Kenya ikasusia tena. Kati ya hizo Olimpiki mbili alifanya jambo ambalo hakuna aliyelirudia: ndani ya siku 81 za mwaka 1978, kuanzia Aprili hadi Juni, alivunja rekodi nne za dunia, za mita 5000, mita 3000 kuruka viunzi, mita 10,000 na mita 3000. Alikuwa akisoma Marekani, mbali na kwao Nandi, na pombe ilikuwa imeshamwingia.

Tusimame kidogo Septemba 1981. Rono amenenepa, anakunywa sana. Usiku wa kuamkia mbio huko Knarvik, Norway, alikunywa. Asubuhi akakimbia kwa muda mrefu ili atoe pombe mwilini kwa jasho. Jioni akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5000, dakika 13 na sekunde 6.20. Fikiria uko karibu naye siku hiyo. Utamwambia nini mtu aliyelewa jana na leo kavunja rekodi ya dunia? Ushindi ulimnyang'anya yeye na waliomzunguka neno la mwisho ambalo lingeweza kusemwa. Miaka iliyofuata alifikia kulala kwenye makazi ya wasio na nyumba Marekani, akiosha magari, akibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque. Aliacha pombe, akafundisha, akaandika kitabu cha maisha yake, akarudi Kenya mwaka 2019 na kufariki Februari 2024. Alipona. Lakini miaka aliyoipoteza ndiyo iliyokuwa miaka yake ya kukimbia.

Hatusemi Bayi alikuwa mtu mwema na Rono mtu mbaya. Bayi alikuwa mwanajeshi na aliishi nchini kwake. Moscow 1980 alirudi na medali ya fedha ya kuruka viunzi, kisha akageukia kujenga shule na kuongoza michezo. Rono alikuwa ugenini, na waliomzunguka walihitaji miguu yake kuliko walivyomhitaji yeye.

Kisa kinachotuuma zaidi ni cha Samuel Wanjiru. Alipelekwa Japani akiwa kijana mdogo, akasoma na kukimbia huko, ambako kulikuwa na bweni, ratiba na kocha. Agosti 2008 Beijing alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, kwenye joto. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago. Nyumbani Nyahururu alirudi na fedha nyingi akiwa na miaka ishirini na kidogo, na watu waliokuja kumsalimia hawakuondoka. Pombe, ugomvi wa ndoa, kesi mahakamani. Mei 15, 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake akafa. Alikuwa na miaka 24.

Kocha, mpaka ni kazi yako

Mpaka unawekwa kabla ya kosa, mbele ya wote, na unamhusu aliye bora kama unavyomhusu wa akiba. Ukiuweka siku anapolewa, utaonekana umemchukia. Ukimsamehe yeye na kumkata mwingine kwa kosa hilohilo, umeifundisha timu nzima kwamba hakuna mpaka. Aliyekuja amelewa hachezi, hata kama ni fainali. Mtapoteza mechi. Tunajua uchungu wake, na bado tunasema mpoteze.

Kumpumzisha si kumfukuza. Mchezaji aliyefukuzwa kabisa ana mahali pamoja tu pa kwenda jioni, napo ni kijiweni. Abaki na jina kwenye timu, aje mazoezini, apange koni, lakini jezi ya mechi aipate atakapokuwa ameanza tiba.

Fedha za kutunzwa nazo zitafutiwe utaratibu. Timu moja ilikubaliana kwamba zote zinaingia kwenye ndoo ya mweka hazina, na mchezaji anazipata Jumatatu asubuhi badala ya Jumamosi usiku. Ni jambo dogo, lakini kati ya yote tuliyoyaona kwa macho, hilo ndilo lililobadilisha mambo haraka.

Mama, baba, dada

Kulipa deni lake la kijiweni si huruma, ni kununua kete inayofuata. Mpe chakula, mpe pa kulala kama nyumba iko salama, msindikize hospitali, lakini usimpe fedha taslimu. Simu ikiuzwa usimnunulie nyingine. Mwambie kwa upole, siku akiwa mzima: "Mwanangu, nakupenda, na kwa hili sitakupa hata mia." Halafu usiyumbe. Familia isemayo neno moja Jumatatu na jingine Ijumaa humchosha mgonjwa na hujichosha yenyewe.

Kuhusu mkeka

Kuna uraibu usionuka mdomoni. Mchezaji anabeti asubuhi, anachana mkeka mchana, anachukua mkopo wa simu jioni ili arudishe alichopoteza. Anayecheza mpira haruhusiwi kubeti mpira. Kanuni za FIFA zinakataza. Sandro Tonali, kiungo wa Italia, alifungiwa miezi 10 Oktoba 2023 kwa kosa hilo, akapangiwa na tiba, kwa sababu ilibainika ni mgonjwa. Dalili zake hapa kwetu ni zilezile: kukopa kila mtu, kuficha simu, hasira zisizo na sababu. Na mchezaji mwenye madeni ndiye anayefuatwa na wapanga matokeo.

Wewe mwenye kipaji

Umesoma hapo juu kwamba uraibu ni ugonjwa, na ni kweli. Hukuchagua kuwa mraibu. Lakini mwenye kisukari hakuchagua kisukari, na sindano anajichoma mwenyewe kila siku. Hakuna kocha, mama wala shehe au mchungaji atakayekunywa dozi kwa niaba yako. Uliyemwibia ni jukumu lako kumwomba radhi na kulipa, hata kwa mia mia. Namba ya anayekuuzia ifutwe na wewe, kwa kidole chako. Na kile kijiwe kilicho njiani kwenda mazoezini, pita njia nyingine, hata kama inazunguka.

Utateleza. Wengi huteleza zaidi ya mara moja kabla ya kusimama. Siku hiyo usisubiri wiki. Rudi kliniki kesho yake.

Pa kwenda

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, au hospitali ya wilaya Kisarawe. Sema wazi unachotumia, kiasi gani na tangu lini. Daktari hakuulizi ili akupeleke polisi. Kwa walioathirika na heroini kuna tiba ya methadoni, ambayo Muhimbili iliianza mwaka 2011 na sasa inatolewa mikoa kadhaa. Ni dawa ya maji, inanywewa mbele ya muuguzi, inaondoa arosto bila kukulevya. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ila kabla ya kumwacha kijana humo omba kuona usajili, uliza kama kuna muuguzi, na kataa nyumba yoyote inayofunga watu minyororo.

Kwa kocha ambaye mchezaji wake ameanza methadoni: miezi ya mwanzo atatakiwa kliniki kila siku, zikiwemo Jumamosi na Jumapili. Panga mazoezi yako baada ya hapo, na siku za kwanza mtafutie mtu wa timu wa kwenda naye.