Kwa Nini Wimbo wa Huzuni Hutuliza

Katika mikesha ya misiba tumeliona jambo hili mara nyingi: mfiwa ameshinda kutwa nzima macho makavu, lakini kwaya ikifika ubeti wa pili anaanza kulia. Wapo wanaomkimbilia wamnyamazishe. Tunaona wanakosea, na shahidi wetu ni Mtakatifu Augustino.

Mwaka 387 mama yake, Mtakatifu Monika, alifariki huko Ostia, karibu na Roma, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo, Augustino anasimulia kwamba alimfumba mama macho, akayazuia machozi kwa nguvu. Mwanawe Adeodatus alipoangua kilio, alinyamazishwa. Evodius akachukua Zaburi, akaanza kuimba, na nyumba nzima ikaitikia. Augustino hakulia. Hata kaburini hakulia. Alikwenda kuoga akitumaini kupata nafuu, akatoka vilevile alivyoingia. Alipolala na kuamka, akiwa peke yake kitandani, alikumbuka utenzi wa Mtakatifu Ambrosi, askofu aliyembatiza mwaka huohuo. Ndipo kumbukumbu za mama zikarudi polepole, na machozi aliyoyafungia yakatoka.

Tuangalie vizuri: utenzi ule si wa msiba. Ni wa jioni, wa kumshukuru Mungu kwa usiku unaopumzisha mwili na kulegeza majonzi. Basi wimbo haututulizi kwa kutuongezea huzuni. Unaigusa ile tuliyo nayo tayari, kwa upole, na kuirudisha sura ya mtu tuliyempenda. Mwaka 2014 watafiti Taruffi na Koelsch walichapisha majibu ya watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni yenyewe, bali kuyakumbuka ya zamani kwa hamu.

Hata hivyo Augustino huyohuyo, katika kitabu cha tatu, anajilaumu kwa machozi ya ujanani kule Karthago, alipopenda maigizo ya kusikitisha ili tu aonje uchungu ambao haukumdai kumsaidia mtu yeyote. (Wapenzi wa tamthilia za jioni wamsamehe.) Kuna kulia kunakofungua moyo, na kuna kulia kunakojizungukia.

Kanisa halikuogopa wimbo wenye giza. Zaburi ya 88 inamalizikia gizani, bila neno la faraja, nasi tunaisali Ijumaa kabla ya kulala, tuwe na furaha au la. Aliyefiwa wiki hiyo hukuta wenzake wote wanasema maneno yake.

Kwa hiyo mwenzako bwenini akisikiliza wimbo uleule wa majonzi usiku, usimzimie redio. Sikiliza naye. Lakini kama wiki zinapita, hali chakula, hazungumzi na mtu, na wimbo umegeuka ukuta wa kujifichia, mgongee mlango, kisha mwende pamoja kwa mlezi.