Stendi ya Kompyuta Inayoyumba

*Stendi ya mbao ya kompyuta mpakato, yenye vipande viwili vinavyopachikana, imeanza kuyumba. Je, imeharibika? — Msomaji, Ngorongo*

Kuyumba huko hurekebishika. Ubao uliopasuliwa ukiwa mbichi husinyaa unapokauka, hasa kukatisha nyuzi, hata unene wake ukapungua na mkato unaoupokea ukalegea. Ukanda mwembamba wa ngozi, ukigandishwa kwa gundi ndani ya mkato, hutosha. Lakini ufa ukionekana hapo, stendi ipelekwe kwa seremala kabla kompyuta haijaanguka. Ubao wa stendi mpya uanikwe kivulini, kisha mkato utanuliwe kwa tupa hadi kipande kiingie kwa kusukumwa kwa mkono. Marufaa, yaani kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, ni mfano bora zaidi wa kuigwa, kwani huchongwa kutoka ubao mmoja pamoja na bawaba zake.